Siku Baba Alipouombea Muhogo Mbarara

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiona majani ya muhogo yamejikunja inanirudia kana kwamba ilikuwa juzi. Nilikuwa kijana bado, nimeolewa si zamani, na watu wa kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, walikuwa wametuchagua sisi watatu twende Mbarara tukawasemee. Baba yangu aliwasemea wakulima, kwa kuwa alikuwa shemasi kanisani na watu walimheshimu. Shangazi Feza, dada yake mkubwa, aliwasemea akina mama. Mimi niliwekwa upande wa vijana, na sababu yenyewe haikuwa hekima, nisijisifu bure. Nilikuwa nauza nyanya katika soko la Misiera, na kwa kuuza nikawa nimeokota Kinyankole kidogo.

Serikali ndiyo iliyotuita. Wakubwa wa kilimo walitaka kusikia kwa wakulima wenyewe pesa ya utafiti iwekwe kwenye zao gani. Huo utafiti, mwanangu, ni kazi ya watu wanaokaa na mmea miaka na miaka. Wanauoanisha na mwenzake, wanautazama ukiugua, wanautupa, wanaanza upya, mpaka wapate mbegu isiyokufa ovyo. Ni kazi ya gharama, na pesa haitoshi mazao yote. Kwa hiyo anayesema husikika, na anayenyamaza zao lake husahauliwa.

Sisi tulikuwa na jambo la kusema. Muhogo wa Nakivale ulikuwa unakufa. Majani yalikuwa ya njano, yamejikunja, na ukichimba chini unakuta vizizi vyembamba visivyojaza hata sahani ya mtoto. Wenyeji walikuwa na ndizi zao. Muhogo ukifa wanasikitika kidogo, kisha wanapika matoke. Lakini sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, muhogo ukifa hatuna ugali wala sombe, ile mboga ya majani yake, na bila sombe sijui kama mtu wa kwetu anaweza kusema amekula. Tulikuwa tunapewa unga wa mahindi, na hatukuukataa, Mungu awabariki waliotupa. Ila kuna njaa ya tumbo na kuna njaa ya nyumbani, na hii ya pili haijui mahindi. Nasema wazi, kuna jioni nililia kwa ajili ya harufu tu, ile harufu ya muhogo uliolowekwa mtoni ukianikwa juu ya mawe. Mume wangu alidhani naumwa jino.

Sasa nikueleze Baba, maana bila kumjua hutaelewa alichofanya. Baba alikuwa mtu wa kurudi. Alisema tutarudi kwetu Fizi mvua zikiisha. Mvua zikaisha, akasema tungoje zijazo. Hakupanda kitu chochote kinachopita msimu mmoja. Maharagwe alipanda, na mahindi kwa shingo upande. Siku moja mpapai uliota wenyewe nyuma ya bafu letu la matete, akaung'oa kwa mkono na kusema unataka kutuzeesha huku. Shangazi alipopanda muhogo, ambao hukaa ardhini mwaka mzima au zaidi, alimcheka mbele ya majirani. "Mkataa kwao ni mtumwa," ndiyo methali aliyotupigia kila tulipomwomba abadilishe nyasi za paa. Nami nilimpenda kwa hilo, hata paa lilipovuja. Mtoto hufurahi kuona mzazi wake ana kwao.

Basi tukafika ukumbini, tukaukuta umejaa wakulima na wafugaji wa wilaya zote za jirani. Watu wa Masha walisema habari ya maziwa na malisho. Wengine walisimama na kahawa, wakasema ndiyo inayoleta pesa kutoka nje. Mzee mmoja wa Rugaaga, mrefu, na fimbo yake ya ng'ombe, alisimamia ndizi. Migomba yake ilikuwa inanyauka, na alieleza mpaka sauti ikamkatika. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Walivutana kweli siku ile, wakarushiana maneno, wakacheka, wakavutana tena. Mimi niliwaonea wivu. Walikuwa wanagombea kitu ambacho hakuna aliyekuwa na shaka kwamba atakuwepo kukiona.

Kisha afisa aliyeongoza mkutano, bwana mpole wa makamo, akatugeukia.

"Sasa nyinyi watu ya kambi," alisema. "Nyinyi nataka mazao gani? Musiogope, sema tu."

Baba akasimama, akavua kofia. Maneno yake juu ya muhogo tulikuwa tumeyapanga nyumbani, na Shangazi alikuwa amemsikiliza akiyakariri. Lakini kwanza akauliza, "Bwana mukubwa, hii mbegu ya mupya inaonekanaka kisha wakati gani?"

"Eh, ssebo, hii kazi iko polepole," afisa akajibu. "Mtoto nabebwa mgongoni leo, labda atakuwa nasoma sekondari."

Nilimwona Baba uso ukibadilika. Akabaki amesimama na kofia yake mkononi. Kuomba mbegu ile kulikuwa ni kukiri kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba mtoto wangu niliyemwacha kambini angesomea sekondari huku huku. Maneno yote ya muhogo yakamtoka.

"Basi siye tuko batu ba kupita," alisema. "Ile siku tutakuwa tulisharudia kwetu. Muulize benye inchi."

Akaketi. Yule mzee wa Rugaaga akainua mikono, akasema, "Kama wao nakwenda, sasa sisi naandika nini? Endelea!" Afisa alitutazama mimi na Shangazi kama mtu anayebembeleza. Nilikuwa na la kusema, mwanangu, lilikuwa hapa kwenye ulimi, lakini binti wa kwetu hasemi juu ya neno la baba yake. Wakaendelea na kahawa.

Saa ya chakula tulipewa matoke na mchuzi wa karanga, tukakaa watatu peke yetu nyuma ya ukumbi. Kwetu baba hakemewi na mtoto wake, wala mkewe hamkemei mbele za watu. Lakini dada mkubwa wa mtu ni mama yake wa pili, na akifungua kinywa yeye, hata shemasi huweka sahani chini. Shangazi hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu," alisema, "utarudia Fizi?"

"Mungu akipenda."

"Utapanda nini kule?"

"Muhogo. Si njo chakula yetu?"

"Muhogo gani? Bale bamama banafika mupya pale Misiera, weye haubaulizake. Mi ninabauliza. Kule kwetu nako muhogo ulishakufa. Majani ilijikunja sawa hii ya huku. Banalala njaa, Yohana. Ukirudia utapanda majiwe?"

Mimi habari ile ilikuwa ngeni kwangu. Baba sijui, pengine alikuwa ameisikia akaikataa, kwa kuwa mtu aliye mbali hutaka kwao pabaki kama alivyopaacha. Hata mimi leo nikiambiwa ile njia nyembamba ya kwenda mtoni imekuwa barabara, moyo unakataa.

"Hii mbegu banatafuta," Shangazi akaendelea, "unazania itabakia huku? Muhogo haujue mupaka. Mutu anakata kipande, anafunga mu kitambaa, anaenda nayo. Unasema unapenda kwetu. Kama unapapenda, paombee mbegu! Na kama Mungu atachelewa kuturudisha, basi. Fasi mutu analala njo fasi analima. Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Siye jembe balishatupatia, ni weye tu unaikataa."

Kisha akaweka sahani yake chini, akamsogelea.

"Na usizanie ni weye peke yako unalilia kwetu. Mi niliacha makaburi ya batoto bangu kule."

Baba akafunika uso kwa kofia yake akalia. Nilikuwa nimemwona akivuka mpaka bila chozi, na siku ile nyuma ya ukumbi wa Mbarara alilia huku matoke yakipoa. Sikujua nitazame wapi. Shangazi alimwekea mkono mgongoni mpaka kengele ilipopigwa.

Mchana walikuwa wamefika kwenye habari nyingine kabisa, nani atoe shamba la kufanyia majaribio. Baba akainua mkono. Afisa alisita, akisema jambo la mazao limefungwa. Aliyetuokoa ni yule yule mzee wa Rugaaga, aligonga fimbo sakafuni, akasema, "Wacha yeye seme. Sisi hapa asubuhi yote ni kelele tu."

"Asubui nilisema mubaya," Baba alianza. "Munisamehe. Tunaomba muhogo. Mutafute muhogo yenye haiogope ile ugonjwa ya majani. Na majani yake ikuwe ya kulika, juu siye tunakulaka sombe. Kama mutaupata siye tuko hapa, tutapanda hapa. Na kama tulisharudia, mututumie. Kule nako kuko batu mingi banangoja."

Yule mzee hakuelewa vizuri, akaniomba nimfasirie. Nikasimama nikayasema yote kwa Kinyankole changu cha kuuzia nyanya, hadi lile neno la mwisho juu ya watu wanaongoja. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akamwambia afisa, "Hata sisi njaa ikikuja nakula muhogo. Andika ya huyu mzee." Afisa akaandika. Hivyo ndivyo vijana wa kambi walivyosikika siku ile, kwa maneno ya baba yangu kinywani mwangu.

Sitakudanganya kwamba serikali ilimsikia Baba. Sijui. Wakulima wa sehemu nyingine nao walikuwa wanaulilia muhogo, na pengine ungekuja hata kama sisi tungelala nyumbani. Ninachojua ni kwamba baada ya misimu mingi ililetwa miti ya muhogo unaostahimili, ikagawiwa pale Base Camp, kwenye ofisi za kambi, nasi tukapanga foleni. Shangazi alikuwa amekwisha kuwa bibi kizee. Alitwanga sombe ya kwanza mwenyewe, akaonja, akasema majani ni magumu kama ngozi ya ng'ombe, watu hawa hawajui kula. Kisha akamaliza sufuria. Alikuwa hivyo.

Baba hakuionja. Alikuwa ameshatangulia, tumemzika huku, katika udongo ambao hakutaka kamwe uwe wake. Lakini mdogo wangu aliporudi Fizi alibeba miti ile, na baadaye akanipigia simu nikiwa sokoni. Mtandao ulikuwa mbaya, nikasikia neno moja tu, "Imeota." Nilikaa chini kati ya nyanya zangu nikalia kama mtoto, wanunuzi wakadhani nimepata msiba. Nilitamani Baba angelisikia neno lile. Mpaka leo natamani.

Nakuambia haya kwa nini? Kwa sababu wiki ijayo wanakuja tena kuuliza, safari hii wanakuja kambini, na wanataka vijana. Na jana mmoja wenu aliniita koko, yaani bibi yake, akasema, "Koko, mi niko mu prosese ya kuhamia Kanada, ninangoja ndege. Muhogo ya huku itaniambia nini?" Wenzake wakacheka. Sikucheka. Nilimsikia Baba. Yeye alikuwa anatazama nyuma, ninyi mnatazama mbele, lakini maneno ni yale yale, sisi ni watu wa kupita, muulizeni mwenye nchi.

Mwanangu, simsimangi anayengoja. Mimi mwenyewe kila jioni macho yangu huenda upande wa machweo, kwa kuwa kwetu ni kule. Wazee walisema subira huvuta heri, na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yote mawili ni kweli, nimeyaishi. Ngoja ndege yako. Lakini unapoingoja unakula, na unachokula kina mtu anayekiuguza mahali fulani, naye anakuuliza akiuguzeje. Mjibu. Mwambie ukweli wa shamba lako na wa sufuria ya mama yako. Usipime neno lako kwa kuuliza kama utakuwepo kulivuna, maana atakayekuwepo ni ndugu yako, kama si huku basi kule tulikotoka. Na ukimsikia mkubwa wako amekosea mbele za watu, usimwaibishe hapo hapo. Mpeleke pembeni, mpe nafasi ya kulia, kisha mrudishe aseme vizuri.

Wala usidhani kuipigania ardhi ya ugenini ni kuisaliti ya nyumbani. Niliwahi kudhani hivyo. Sasa najua kwamba mimi nitalala hapa hapa Nakivale, karibu na Baba. Imenichukua miaka mingi kulitamka neno hilo, na hata sasa nikilitamka linaniuma. Lakini mashamba yangu hayajawahi kulala.

Nenda mkutanoni, mwanangu. Mungu akupe hiyo nyumba unayoililia, iwe nyuma yako au mbele yako, na mlango wake uwe wazi siku utakayofika. Na siku zote utakazokuwa unaingoja, asikuache ukangoja na njaa.