Dirisha la Upande wa Wadi

"Fawziya, unangoja nini? Serikali inakuzibia milango na madirisha bure, kelele za ndege za uwanjani usizisikie tena, na wewe umekaa unakunja nguo!"

Ndivyo jirani yake, Bi Samah, alivyomuuliza siku moja huko Birkat al Mauz. Fawziya, aliyezaliwa Pemba akaletwa Omani angali mdogo, alicheka tu. Ndege ikipita juu ya mitende, sahani zinalia kabatini, naye hungoja ipite akaendelea na tasbihi pale alipoishia. Shida ilikuwa kwa mumewe, Hamdun. Tangu kiharusi kimlaze, kila ndege humshtua mwili mzima, na daktari keshasema moyo ule hautaki mishtuko.

"Njoo kwangu usikilize," Samah akasema.

Fawziya akamwacha Hamdun amelala, akaenda. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mlima wa Jabal Akhdar, lakini chini kwao jua kali. Samah akaufunga mlango wake mpya, mzito kama wa ghala. Madirisha yote vioo viwili viwili. Ndege ikapita, waliona kivuli tu kwenye pazia.

"Umeona? Pepo hii!"

"Au kaburi. Kaburini nako hakuna ndege."

"Astaghfirullah, mdomo wako huo!" Wakacheka, wakamiminiana kahawa.

Alipofungua mlango aende zake, ngurumo ikamwingia masikioni pamoja na makelele ya watu. Wadi, lile korongo kavu la kando ya mtaa, ilikuwa imeshuka na mafuriko ya mlimani. Watu wa mtaa wa juu walikuwa darini wanapiga ukelele, "Wadi! Wadi!", na kila nyumba inaupokea na kuupeleka chini, kama walivyofanya wazee wao. Ukelele ule umepita juu ya vichwa vyao wanakunywa kahawa, wasiusikie. Zizi la mbuzi wa Samah halikuwepo tena. Palikuwa na maji mekundu tu.

Fawziya akakimbia, shela inaburura. Maji yameshaingia chumbani kwa Hamdun, kitanda kitupu. Akamwita kwa sauti.

"Tuko huku juu, Bi Fawziya!" Alikuwa Sinan, mwenye duka. Amemsikia mzee akiita dirishani, akaingia, akambeba mgongoni mpaka darini. Hamdun alikuwa anatetemeka, sauti imemkauka.

Maji yalipokauka, akaja Adham, kijana wa mradi wa kuziba nyumba, na kipimo chake na Kiswahili chake cha kuokota.

"Shikamoo, khaloo. Dirisha hii ya mzee lazima tufunga kabisa. Moja ikibaki, nyumba yote inatoka kwa mradi."

"Marahaba, mwanangu."

Ndege ikapita. Ndani, Hamdun akashtuka, akaguna. Fawziya akaingia kumshika mkono mpaka akatulia. Dirishani mlima hauonekani, umefunikwa na wingu jeusi kutoka kilele hadi kiunoni. Akarudi mlangoni kwa Adham.

"Nakuomba, mwanangu, wambie wakubwa zako. Zibeni nyumba nzima, na mlango pia, Mungu atawalipa. Lakini dirisha la mzee niachieni lifunguke, asikie wakipiga ukelele, na akiita, watu wamsikie."