Daktari Aliyejibiwa "Nzuri"

Nakumbuka siku baba yangu mzazi aliponiamkia, "Shikamoo, baba," mbele ya daktari, nami nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," huku kaptula yangu ya shule imechanika nyuma. Usicheke. Nimerithi jina la babu, na hapa kwetu Nyamahanga mwenye jina la babu ndiye babu, hata kama bado anachapwa kwa kuchelewa mstarini. Basi wewe daktari kijana unayesomea magonjwa ya akili, nivumilie nikikuita mwanangu.

Daktari yule aliletwa hospitali ya misheni, wanakofundishwa wauguzi, afanye utafiti: waliorudi kutoka vitani wanalalaje? Baba Mdogo alikuwa mmoja wao. Tangu arudi alilala nje, migombani. Mvua ikinyesha, mkewe alimfunika kwa majani ya migomba, akakaa naye, akalowa.

Hospitalini daktari alimuuliza, "Habari za usingizi?"

"Nzuri."

Na wenzake wote: nzuri. Daktari akafunga mizigo, akapita kwetu kumuaga Baba, mwenyekiti wa kijiji. "Huku hakuna cha kutafiti, mzee. Wote wazima. Kesho narudi Dar."

Kwa cheo changu cha babu nikasema, "Mwanangu, hutoki kwangu bila kuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi."

Akakaa, kibuyu kikazunguka. Akatueleza habari za mama yake anayeuza vitumbua, akalalamikia viatu vinavyombana. Akavua kimoja, nikakivaa, nikatembea kama yeye, tumbo mbele. Baba Mdogo, aliyekuwa ameketi nasi, akacheka. Shangazi akaacha kupepeta ili amsikie vizuri, maana tulikuwa tumeshakisahau kicheko kile.

Kisha Baba Mdogo akasema, macho yakiwa kwenye kibuyu, "Silali, daktari. Nikifunga mlango nasikia wenzangu wakigonga niwafungulie."

"Mbona hospitalini ulisema nzuri?"

"Uliniamkia. Mtu akiniamkia nimtupie maiti usoni?"

Daktari akavua na kiatu cha pili.

Basi la kesho yake liliondoka bila yeye. Alizunguka nyumba kwa nyumba na wanafunzi wa uuguzi, wakikaa kwanza, wakiuliza baadaye. Baba Mdogo hajapona. Ila sasa analala ndani, mlango wazi, na mkewe halowi.

Mwanangu, wakikuita kwenye utafiti katika hospitali za huku mikoani, wanakofundishwa wauguzi, usiseme utafiti ni kazi ya Dar. Vitabu vyako havijawahi kukaa na Baba Mdogo. Njoo ukae wewe. Mwamkie mtu, akujibu nzuri, umalize kibuyu, ndipo umuulize. Utakachosikia kiandike bila jina lake, kimfae na yule anayelala nje kijiji kingine, ambaye hujamwona.

Haya, inamisha kichwa. Njia yako iwe kavu, viatu visikubane, na popote utakapolala huku kwetu, usingizi uingie bila kubisha hodi. Sema amina upesi, babu yako ana kipindi cha hesabu asubuhi.