Nilitoboa Gitaa la Rafiki Yangu Ili Lilie Bila Kukatika

Wasomaji wenzangu, sijui nicheke ama nilie. Kosa ni langu, mtu asinitafutie sababu. Nilitoboa gitaa la mwenyewe!

Napiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya harusi hapa Kiogoro. Gitaa lenyewe ni la Ombati, mpiga besi wetu, mtu mpole ambaye hupangusa nyuzi kama anayeosha uso wa mtoto. Alinipa nilitumie kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi kuliko vyake. Hebu fikiria moyo huo!

Shida yangu ilikuwa sauti. Gitaa la umeme ukiligusa linalia, halafu linakufa. Nilitaka noti moja ivutike kama mama wa kwaya asiyetaka kushusha pumzi. Kuna vifaa vya kufanya hivyo. Kimoja unakishika mkononi, sumaku yake inatikisa uzi, lakini mmoja tu kwa wakati. Kingine kinafungwa ndani na kinashika nyuzi zote, ila lazima gitaa litobolewe.

"Ndugu, chukua ile ya mkononi," Ombati aliniambia. "Gitaa yangu usitoboe."

"Sawa," nikajibu.

Sawa gani! Dukani ile ya mkononi ilinifunga mkono, siwezi kupiga mbio. Nikajaribu ile ya ndani kwenye gitaa la duka lililokwisha kufungwa kifaa hicho. Jamani! Nyuzi zote zililia pamoja, nywele zikanisimama. Nikainunua, nikaipeleka pamoja na gitaa kwa fundi wa redio pale Daraja Mbili, akatoboa, akaifunga ndani. Shimo nikalifunika kwa stika ya ua.

Jumapili tukawa harusini Birongo. Bibi harusi anaingia. Kerubo, mwimbaji wetu, akanikonyeza nianze. Nikapiga noti, nikawasha kifaa. Ikaimba! Ikaendelea kuimba. Weh, swichi imekwama! Nikifunika uzi huu, ule mwingine unapokea. Kwa kiwewe nikasahau hata kupunguza sauti. Bibi harusi, maskini, akadhani ni mwendo mpya, akatembea kama anayevuka mto kwa mawe. Mashangazi wakapiga vigelegele!

Ombati akaja mbio kunisaidia. Stika ikabanduka mkononi mwake.

"Hii ni nini?"

"Ni... shimo."

"Yaya!" Hapana ya kwetu hiyo, ile inayotoka tumboni. Akachomoa waya. Hakunigombeza mbele ya watu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Baadaye nikamwomba msamaha. Akaviringisha waya. "Ungeniuliza, ningekataa. Ndiyo maana hukuuliza."

Nikaitia ile stika mfukoni.

"Gitaa inarudi kwangu," akasema. "Wewe shika kayamba."

Kerubo alicheka mpaka akakaa chini!

Basi sasa natikisa kayamba. Ombati alitengeneza swichi, akakijua kile kifaa polepole, na maharusi wanauomba ule mlio mrefu. Uchungu ni kwamba ananishinda! Juzi alishikilia noti moja hadi bwana harusi akatokwa na machozi, na mimi nikasahau kutikisa.

Wewe unayetafuta kifaa kama hiki, kijaribu kwa wimbo unaopiga kweli, usidanganywe na utamu wa dukani. Na kama gitaa ni la mwenzako, weka drili chini ukamuulize. Akikataa, amekataa!

Siku hizi kwenye mazoezi Ombati ananiachia wimbo mmoja. Nikimaliza analichukua gitaa, analigeuza mbele na nyuma akitafuta shimo jipya, kisha tunaangua kicheko sote.