Beki wa Pili Hakuwepo

Jumatatu hadi Jumamosi Mizani alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jumapili alikuwa mwamuzi wa mpira, na jina hilo alipewa huko, kwa sababu ya kupima mno. Mashabiki wanajua sheria moja tu: beki akiwa mtu wa mwisho na akamwangusha mshambuliaji, nyekundu. Maneno ya vijiweni hayo. Kitabu cha sheria kinamtaka mwamuzi apime mambo manne kabla hajapumua: goli liko umbali gani, mchezo unaelekea wapi, mshambuliaji angeuwahi mpira, na mabeki wengine ni wangapi na wako wapi. Mizani aliyahesabu kwa vidole vyake vinne, mkono ukiwa nyuma ya mgongo. Mkewe alimtania kwamba hata chumvi ikizidi jikoni angeipigia filimbi.

Ilikuwa mechi ya kupanda daraja, dakika ya themanini na nane, bila kwa bila. Mshambuliaji wa timu ya mtaani kwao Mizani, wavaa nyeupe, alichomoka peke yake. Hatua moja nje ya boksi beki wa bluu akamvuta jezi mpaka ikachanika, mshambuliaji akaenda chini. Umbali, sawa. Mwelekeo, sawa. Mpira angeuwahi. Kidole cha nne kikasita: karibu na mlingoti wa kushoto Mizani aliona jezi nyingine ya bluu inakimbia. Basi beki wa pili yupo. Akatoa njano.

Mpira wa adhabu ukagonga ukuta wa mabeki. Filimbi ya mwisho ikalia, nyeupe wakabaki daraja la chini, na uzio ukaanguka.

Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Wanaume wazima, baba za watu, waliokwisha kumletea mageti yao awatengenezee, walimwangusha wakampiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya kinywa. Meno mawili yaling'oka, akayasikia ulimini kama mawe kwenye wali. Mmoja alimkanyaga shingo, mwingine akamwinamia.

"Toa nyekundu," alimwambia, kana kwamba mechi bado inaendelea. "Itoe sasa hivi."

Kadi ilikuwa mfukoni. Mizani aliogopa kama mtu yeyote. Alijikojolea, na sioni aibu kulisema. Lakini aliufunika mfuko kwa mkono wa kulia, na mkono haukutoka. Ndipo alipoona viatu anavyovijua, vyenye madoa ya oili. Alikuwa shemeji yake, fundi pikipiki, kaka wa mkewe kabisa, kashika mti wa bendera ya kona.

"Shemeji," Mizani akasema. "Ni mimi."

"Leo huna shemeji hapa."

Mti ukashuka juu ya mkono ule. Ukashuka tena. Na tena, mpaka vidole vyote vinne vya kuhesabia vikavunjika. Alikiona cha mtema kuni. Polisi ndio waliomtoa chini ya miguu ya watu, akiwa amelegea kama nguo iliyolowa.

Kesho yake wodini, mshika kibendera wake alimwonyesha mkanda wa mechi kwenye simu. Mizani aliutazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Ile jezi ya bluu ilikuwa ya mchezaji wa akiba, anapasha misuli nyuma ya goli bila ile fulana ya njano ya kumtofautisha na walio ndani. Beki wa pili hakuwepo. Ilikuwa nyekundu isiyo na mjadala. Mizani alilia, na mbavu zikamwadhibu kwa kila kwikwi.

Ripoti ya mwamuzi ilitakiwa jioni hiyo. Mkono ukiwa kwenye plasta, mkewe ndiye aliyeshika kalamu.

"Andika: nilihesabu mabeki wawili, alikuwepo mmoja. Nilikosea."

Mkewe akaiweka kalamu chini. "Baba Mapacha, wamekuvunja, halafu uwape na sababu? Watasema walikuwa na haki."

"Waseme. Kukosea ni kwangu, kupiga ni kwao. Andika yote mawili."

"Kichwa ngumu wewe." Lakini akaandika. "Haya. Mkono huu kauvunja nani?"

Mizani akatazama dari. "Sikumwona vizuri."

"Muongo. Kosa lako umelianika juani, la mwenzio unalifunika shuka. Nani?"

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, Mizani akamfuata kwa jicho lake moja hadi kitanda cha mwisho.

"Kaka yako," akasema mwishowe.

Mkewe alishika ukingo wa kitanda. Kisha akainama, akaandika majina yote matatu ya kaka yake kwa herufi kubwa.

"Alikupiga mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akaandika: tatu.