Siku Nilipommwagia Baba Mkwe Maji

Sisi watu wa milimani tunajua ugonjwa mmoja tu: baridi. Mengine yote ni matawi yake. Mtoto akikohoa, baridi. Mzee akiumwa mgongo, baridi. Bibi harusi akilia kanisani, hakosekani mtu wa kushauri asogezwe karibu na moto. Nilisomea unesi nikafaulu, nikapangiwa zahanati ya kijiji juu ya Soni, na mgonjwa wa kwanza niliyemwambia avue sweta aliniuliza kama nina ugomvi na ukoo wake.

Nikaolewa kijijini hapohapo. Baba mkwe wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mrefu, mpole, mwenye aibu kunishinda mimi. Katika nyumba ile mkwe wa kike na baba mkwe hawazoeani. Chai sikumpa mkononi. Niliweka kikombe kwenye kigoda, nikarudi nyuma, naye akasubiri nifike jikoni ndipo akichukue. Mazungumzo yetu ya mwaka mzima yangeenea kwenye karatasi ya sabuni: shikamoo baba, marahaba mwanangu, basi.

Miaka ile ya Ujamaa kijiji chetu kilipewa shamba la pamoja la pamba huko chini tambarare, upande wa Mombo. Lori lilituchukua alfajiri, ukungu haujapasuka, kila mtu kajifunika anachomiliki. Mimi nilikwenda na sanduku la huduma ya kwanza, maana palipo na majembe mengi vidole havina usalama.

Siku hiyo wageni kutoka wilayani walikuwa waje kukagua shamba, na baba mkwe ndiye aliyepewa heshima ya kuwasomea risala. Basi akavaa koti lake la sufu, lile la kwenda nalo kanisani na misibani. Kule kwetu ni koti la heshima. Mombo, mwezi wa pili, ni tanuri lenye vifungo.

Wageni wakachelewa, kama kawaida ya wageni. Jua likapanda. Wenzake wakamsihi avue.

"Nivue? Wageni wanikute kama kibarua?" akasema, akafunga na kifungo cha juu.

Alisimama juani asubuhi nzima akilisubiri gari la wageni. Karibu na adhuhuri akaanza kuisoma risala. Alilisomea pipa la maji. Alilikaribisha pipa kijijini, akalieleza matatizo yetu ya barabara, akaliomba mbegu. Watu wakacheka wakidhani anajifunza. Mimi sikucheka. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu, na miguu inamsaliti. Nilipoanza kumkimbilia, akaanguka.

Nilimgusa shingo nikatoa mkono upesi. Nilipomtia kipimajoto kwapani, zebaki ilipanda kama ina haraka ya kutoka juu. Alikuwa anakoroma, macho nusu wazi, haniitikii. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu aliyepigwa na jua namna hii asipopozwa haraka, ubongo unaungua, na hospitali ilikuwa mbali, juu mlimani, kupita kona zote zile za barabara. Angekufa mbele yangu. Niliogopa mpaka masikio yakaziba.

"Mvueni nguo!" nikawaambia wanaume.

Wakatazamana. Kumvua balozi! Mmoja akakumbuka jembe lake alikoliacha, mwingine akaenda kumsaidia kulitafuta. Na hapo mama mkwe akafika mbio, akapiga kelele, akafanya kile ambacho kila mwanamke wa milimani angefanya: akavua shuka lake zito la begani, akamfunika mumewe mpaka kidevuni.

"Anakufa kwa baridi!" alilia. "Washeni moto!"

Na kuna watu walikwenda kutafuta kuni! Hapo hasira ikanisaidia. Nikalitupa shuka, nikatoa mkasi, nikaanza na koti.

Nimesikia vilio vingi katika kazi yangu, lakini kilio cha mama mkwe mkasi ulipoingia kwenye lile koti sijakisikia tena. Chini ya koti palikuwa na sweta. Chini ya sweta, sweta nyingine. Kisha shati, kisha fulana. Nilikuwa kama mtu anayemenya kitunguu. Kwenye suruali nikamtupia khanga yangu kiunoni, nikageuza uso kuelekea milimani, nikakata kwa kupapasa, nikimwomba Mungu mkasi usipotee njia.

Tukamlaza ubavu, tukammwagia maji ya pipa, kichwa mpaka miguu. Nikaweka vitambaa vibichi shingoni, makwapani na kwenye nyonga.

"Maji haya ni ya kuoshea maiti," mama mkwe akasema kwa uchungu. "Unamwosha hajafa?"

Sikuwa na muda wa kumfundisha. Nikampa ungo. "Mama, mpepee. Pepea kama kuni mbichi zinakataa kushika."

Hilo alilielewa, maana kupepea kwetu ni kuwasha. Alipepea kwa nguvu zote, akiamini anauamsha moto ndani ya mumewe, na upepo ule juu ya ngozi iliyolowa ukafanya kazi ambayo chuoni walinionyesha kwa feni. Tukampakia kwenye lori lisilo na turubai, pipa pembeni. Tulipanda kona kwa kona, mimi namwagia, mama mkwe anapepea, upepo wa mlimani nao ukaanza kutusaidia bila kuombwa. Kila nilipogeuka kuchota maji, shuka lilikuwa limerudi. Nilifunua, akafunika, nikafunua.

Karibu na Soni meno ya baba mkwe yakaanza kugongana. Nikapima: joto limeshuka. Akafumbua macho, akaona mbingu, akaona mkewe na ungo, akaniona mimi. Kisha akajitazama. Akayafumba tena kwa nguvu.

"Sasa tumfunike," nikasema.

"Si nilisema?" mama mkwe akaliambia lori zima. Mpaka anaingia kaburini alisimulia kwamba mumewe aliponeshwa na shuka.

Hospitalini walimlaza, akatoka mzima. Lakini nyumbani hakunitazama tena. Nikipita, anageuka ukutani. Chai inapoa kwenye kigoda. Iliniuma, nisiseme uongo. Nilimrudisha mtu duniani, nikampoteza sebuleni. Nikamwambia mume wangu tuhame.

Kabla hatujahama, jioni moja baba mkwe alikohoa nje ya mlango wa jiko. Alisimama akiwa amenipa mgongo.

"Mwanangu," akasema, "siku ile kule shambani kulikuwa na nesi mmoja."

Nikaipua sufuria.

"Mimi simfahamu. Wanasema ni mtoto wa watu, amefundishwa vizuri. Ukimwona huko zahanati, mwambie yule mzee anashukuru. Mwambie anamwombea."

"Nitamfikishia, baba."

"Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia, akaenda akanywa chai yake ingali moto.

Habari ya kuhama ikaishia hapo. Tukaishi hivyo, watatu: yeye, mkwewe, na nesi asiyemfahamu. Alipozeeka akashindwa kuinuka, aliyemwuguza ni mkwewe, kwa uji na kwa mbali. Asubuhi moja pumzi ikambana. Nilisimama mlangoni, nisithubutu kuingia.

"Mwanangu," aliniita kwa shida, "yule nesi yuko?"

"Yuko, baba."

"Mwite."

Nikatoka nje, nikavaa gauni jeupe, nikabisha hodi. Akasema karibu, akaninyooshea mkono nimshike.