Faini ya Mjumbe wa Paraguai

Kuna watu waliojaliwa mdomo, na kuna Wamboi wa Makongeni. Akiwa darasa la pili alimuuliza mhubiri, katikati ya mahubiri, kama amebakisha mengi. Akiwa kidato cha pili aliiharibia shule sherehe nzima. Mgeni rasmi alikuwa ameinama na jembe lake, simu zinampiga picha, anapanda mti, na Wamboi akauliza kwa sauti iliyofika getini mbona wanapanda kwenye shimo lile lile la mgeni wa mwaka jana. Watu walicheka mpaka mgeni akasahau kumwagilia maji. Bwana Ndung'u, mkuu wa shule, hakucheka.

Tangu siku hiyo Wamboi aliishi kwa onyo juu ya onyo. Alifagia uwanja, akaosha madirisha, akaitiwa mzazi, lakini mdomo haukupungua hata kidogo. Aliyemwokoa ni Madam Mourine, mwalimu wa historia, aliyeanzisha klabu ya diplomasia. Humo wanafunzi hujifanya mabalozi wa nchi mbalimbali, huketi kama wanavyoketi wakubwa wa dunia, na kubishana kwa heshima kuhusu njaa, vita na hali ya hewa. Wamboi aliingia siku ya kwanza akihofia kufukuzwa, akatoka akiwa na furaha ambayo hajawahi kuipata shuleni. Mahali pengine pote domo lake liliitwa utovu wa nidhamu. Hapa liliitwa kipaji, na aliipenda klabu ile kwa moyo wake wote.

Basi ulipokuja mkutano wa shule nyingi kule Ruiru, wa siku mbili, Bwana Ndung'u alimwita ofisini.

"Utaenda," akasema. "Lakini nitakuja mwenyewe na basi kuwachukua Jumamosi. Nikisikia lalamiko moja tu kuhusu huo mdomo, moja tu, klabu utaisikia kwa wenzako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, sir," akajibu Wamboi, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Alipangiwa Paraguai, nchi ambayo hakuna mtu Makongeni aliyewahi kugombana nayo. Wamboi aliisoma usiku na mchana. Kuhusu namna ya kuzungumza hakuhitaji mwalimu, kwa sababu babake, Mzee Gachau, ndiye msemaji wa ruracio, vikao vya mahari, mtaani. Ukipeleka mahari bila Gachau utarudi na mbuzi wako. Tangu utotoni Wamboi alipitisha vikombe vya chai katika vikao hivyo, masikio yakiwa wazi. Alijua kwamba wageni hawasemi walichokuja kutafuta, na wenyeji, ambao wamepika tangu alfajiri, hujifanya hawajui wamekuja kufanya nini. Alijua pia mchezo alioupenda kuliko yote: wasichana kadhaa hufunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, na bwana harusi huambiwa amchague wake. Akikosea, analipa faini, na hakuna cha kujitetea.

"Maitu," Gachau alimwambia asubuhi ya safari, maana msichana alipewa jina la nyanyake na kwa babake alikuwa mama, "usiseme sana. Anayesema kidogo ndiye hupewa kiti."

"Na wewe Baba, mbona unasemanga siku nzima?"

"Mimi nishapewa kiti."

Mada ya mkutano ilikuwa simu na kompyuta kuukuu: zikishaharibika, mzigo wa taka zake ni wa nani? Kufikia Jumamosi saa tano, ukumbi ulikuwa umekwama kama lori kwenye matope. Ujerumani alikuwa Eddie, kijana wa shule ya bweni mwenye tai nyembamba, na Brazili alikuwa Irshad, mpole wa sura lakini mbishi ajabu. Kila mmoja alikuwa na pendekezo lake, kurasa nzima za Kiingereza kizito, na kila mmoja aliapa kwamba la mwenzake halipiti akiwa hai. Hakuna aliyekuwa amesoma la mwenzake hadi mwisho. Paraguai nayo ilikuwa na pendekezo. Wamboi aliliandika mwenyewe na kulipamba kwa kila neno kubwa alilowahi kusikia, na alilipenda kama mtoto wake.

Kwenye kiti alikuwa Nadira, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga nyumba mtaa wa Kahawa Sukari, mwenye suti nyeusi na nyundo ya mbao. Alikuwa mkali. Yeye ndiye aliyepeleka malalamiko kwa walimu, na tayari wajumbe wawili walikuwa wametolewa nje.

Wamboi alijikanya. Alijiuma ulimi, akameza mate, akafikiria basi na Bwana Ndung'u ndani yake. Halafu Eddie akasimama mara ya sita kusema jambo la mara ya kwanza, na uvumilivu ukamwisha.

"Mwenyekiti," akasema akiwa ameshasimama, "hawa wawili hawakatai maneno. Wanakataa sura. Kwetu bibi harusi hufunikwa leso. Tufunike haya mapendekezo."

Ukumbi ukacheka. Madam Mourine, kule nyuma, akajishika kichwa.

"Paraguai," Nadira akasema polepole, "hiyo iko kwa sheria gani?"

"Haiko, Mwenyekiti. Lakini na hizi sheria zenu tumekaa hapa tangu asubuhi, na sioni hata mbuzi mmoja."

Wamboi aliona klabu ikimtoka mikononi. Nadira aliinua nyundo, akaitazama, akaishusha taratibu. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amechoka na ana njaa.

"Endelea," akasema.

Wamboi akaeleza mchezo. Mapendekezo matatu yaliyo mezani, la Ujerumani, la Brazili na la Paraguai, yapewe Mwenyekiti. Yeye peke yake ayaandike upya kwa Kiswahili cha kawaida, cha kumweleza muuza mboga, bila jina wala pambo. Yabandikwe ukutani, na jina la mwenyewe chini yake lifunikwe leso. Kila mjumbe aliyeandika pendekezo achague analotaka kulioa na aseme analolikataa. Atakayekosea, atakayemwacha wake na kumfuata wa jirani, alipe faini itakayopangwa na kikao. Wasichana waliolala bwenini wakakimbia kuleta leso zao, na ghafla mabalozi wa dunia wakawa na nguvu za kubandika.

Nadira aliandika kwa dakika chache tu, jambo lililowashangaza walioandika kurasa nyingi. La kwanza: anayeuza simu aipokee tena ikichakaa. La pili: anayeuza simu awafunze na kuwalipa mafundi wa kule ilikochakaa. La tatu: tukutane tena tuongee.

Eddie alitembea mbele ya ukuta kama bwana harusi wa kweli, mikono nyuma. "La pili," akasema kwa uhakika. "Hili lina akili." Irshad akaja, akakunja uso, akasema la kwanza, na kwamba yeyote aliyeliandika ni mtu mwenye utu.

"Mjumbe wa Paraguai," Nadira akasema.

Wamboi hakuwa na haja ya kufikiri. Alisimama mbele ya la tatu na kufungulia domo lote alilolizuia siku mbili. "Huyu ni wa nani? Tukutane tena tuongee! Kwani saa hii tunafanya nini, tunapika? Huyu bibi harusi arudishwe kwao leo leo, na mahari yake, na aliyemleta aone haya!" Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Alipiga saluti.

Leso zikafunuliwa. Chini ya la kwanza: Ujerumani. Chini ya la pili: Brazili. Eddie na Irshad wakatazamana kama watu waliofumaniwa. Chini ya la tatu kulikuwa na Paraguai.

Wamboi alisoma lile jina mara mbili. Maneno yake yote makubwa, mito yake ya mshikamano na madaraja yake ya kesho, yalipovuliwa mapambo yalikuwa haya tu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Wamboi alikuwa amechimba kirefu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Mapendekezo mawili yakaunganishwa kuwa moja na kupitishwa saa nane bila pingamizi. Faini ya Eddie na Irshad ilikuwa kukunja leso zote. Iliyobaki ilikuwa moja.

"Mwenyekiti," Irshad akasema kwa upole wake wa hatari, "Brazili inaomba Paraguai isitoe neno, hata moja, mpaka basi lao lifike Makongeni."

Nyundo ikagonga.

Bwana Ndung'u alifika saa tisa, tayari kwa vita. Alimkuta Wamboi kwenye sherehe ya kufunga, mikono mapajani, kimya. Akaketi karibu yake. Akamuuliza mkutano ulikuwaje. Wamboi akatabasamu na kuinamisha kichwa. Akamuuliza kama amekula. Akatabasamu tena. Mkuu wa shule alianza kuogopa, akaenda kwa Nadira.

"Nina msichana hapa, wa Paraguai. Kuna malalamiko yoyote?"

Nadira alimtazama Wamboi, na Wamboi akamtazama kwa macho ya kuomba, kwa maana macho hayakutozwa faini.

"Mwalimu," Nadira akasema, "tangu saa nane hajasema neno."

Ilikuwa kweli tupu. Madam Mourine aligeuka haraka na kuanza kukohoa kwenye kitambaa.

Ndani ya basi, Bwana Ndung'u alimtazama Wamboi kutoka Ruiru hadi Juja, na kutoka Juja hadi Thika. Wenzake walijiuma midomo. Kila mmoja alijua, na hakuna aliyesema. Wamboi alikaa dirishani akiumia. Aliwaza klabu, na akawaza ingekuwaje Jumatatu bila klabu, na machozi yakamlengalenga. Mkuu wa shule aliyaona yale machozi akadhani ni ya toba. Taa za kwanza za Makongeni zilipoonekana, akasimama katikati ya viti na kushika chuma.

"Wanafunzi," akasema, "miaka mitatu nimejaribu. Fagio limeshindwa, wazazi wameshindwa. Klabu hii imeweza kwa siku mbili. Kuanzia Jumatatu, mwenyekiti wa klabu ni Wamboi. Nimesema, na mimi nikisema nimesema."

Basi likapiga kelele za shangwe. Wamboi alitaka kumkumbatia, alitaka kulia, alitaka kusema mambo elfu. Alishikilia kiti kwa mikono miwili. Dereva akakata kona, akapunguza mwendo, akasimama stendi ya Makongeni, na mlango ukafunguka.

"Asante sana, sir," Wamboi akasema, akivuta pumzi ndefu. "Sasa tuongee kuhusu ule mti."