Samaki ya Mama Mukwe Juu ya Plake ya Jua

Kosa njo yangu, hapana ya shetani, hapana ya pombe. Jina siandike. Hapa Kamina bananisalimia na heshima, nataka baendelee!

Masomo sina, mali nilitafuta na mikono yangu. Nilikuwa napeleka mafuta ya mazuti ku kisiwa moja ya ziwa Kisale, kwa mashini ya kutoa taa ya dispanseri. Beyi nilipanga minyi. Nilinona!

Siku moja masere, ule mutawa wa dispanseri, akaleta plake za kukamata jua. Akazilaza chini mu lupango, ndani ya uwanja. Taa ikawaka, frigo ya dawa ya batoto ikapoa, mashini ikanyamaza. Na minyi nikakauka.

Sasa sikia ujanja! Kule banamuke bote banakausha samaki, na mama mukwe yangu njo mukubwa wao. Mila inakataza niongee naye uso kwa uso. Nikatuma bibi yangu: «Ambia mama, ile plake inashika moto kupita majani. Aanike pale.»

Aïe! Akaanika, bengine bakamufuata. Jua ikakosa fasi ya kuingia. Frigo ikakufa, dawa ikaharibika, mazuti yangu ikarudi na mutumbwi.

Chifu akaita bantu.

«Nani alianza?»

Bakaonyesha mama mukwe.

«Mama, nani alikufundisha?»

Akavuta kitambaa ku uso. Jina ya mukwe haiitwe mbele ya bantu. Bakamukataza kuanika samaki ku kisiwa. Minyi nilikuwa pale pale, nimemupa mugongo kwa heshima. Heshima gani, eh!

Bibi yangu akafunga nguo zake: «Bakia na mazuti yako. Ikupikie bukari!»

Mazuti haipike ugali, ndugu. Nyumba ikanishinda. Nikarudi kwa chifu, nikasema yote. Bakanipa sabuni: nisafishe plake zote, banamuke banaangalia.

«Sugua, bwana mazuti! Magamba ingine ile pale!»

Mama mukwe akarudishiwa fasi yake, minyi bibi yangu. Kazi ya mazuti ikaisha.

Leo hata ku base ya basoda mazuti inakosekana. Nimeweka plake ku nyumba yangu. Juzi mama mukwe akakuja kutembea na kitunga ya samaki. Akakaa nyuma ya mulango, akatuma bibi yangu:

«Uliza bwana yako, nianike wapi?»

Lupango yote ikacheka!

Weye mwenye kuuzisha mazuti, taa ya jua ikikuja, tafuta kazi ingine. Usitume uongo kwa mama mukwe. Chifu alisamehe, masere alisamehe. Ule mama? Bado!